Kivuli cha Mume wa Mshonaji

Shoga yangu mshonaji si mwoga. Hata mimi ananijibu. Mumewe kapooza mwili mzima, analala sebuleni. Siku hiyo aliingia kumbadilishia shuka, mapazia yamefungwa, giza, mzee anakoroma. Binti yao kauacha unawaka ule mchezo wa kupunga mikono hewani: kamera inakutazama, kivuli chako kinakuiga kwenye runinga.

Shoga akainua mkono kuuzima, kama alivyofundishwa na bintiye. Vikatokea vivuli viwili. Cha pili, chenye bega lililoshuka kama la mumewe, kimesimama, kinaenda zake.

“Baba watoto, acha utani!”

Akamrukia kitandani, akamkamata mkono. Una joto. Kwenye runinga kivuli chake mwenyewe kimeinama, kimeshika hewa, na kile kingine kinakwenda mbali, kinazidi kuwa kidogo.