Kikuba cha Alhamisi

Thuwaiba alitumwa maua tu. Jua lilikuwa linazama, siku ya Alhamisi, na Bi Saadiya, shangazi yake mumewe, kanyoosha miguu ukumbini anaisugua mafuta ya mkarafuu.

"Mwanangu, leo miguu imenigomea. Kanichukulie kikuba sokoni Darajani. Mwambie muuzaji ni kile cha Bi Saadiya, anakijua. Ukirudi, kitundike kwenye pete ya mlango wa chumba cha juu, kisha ushuke unikunie nazi. Lakini usikinuse njiani. Na usikivae."

"Kwani kina nini, shangazi?"

"Kina mwenyewe."

Hebu niambieni, nyie mlioolewa. Kikuba ni pambo la mwanamke. Asumini, mrehani na mlangilangi hufungwa pamoja, mtu akakichomeka kifuani ili mumewe aisikie harufu yake. Na nyumba ile ya Mkunazini ilikuwa na wanawake wawili tu: Bi Saadiya, mjane aliyekwishasahau kujipamba, na Thuwaiba, ambaye hina ya harusi ilikuwa bado haijamtoka kuchani. Sasa kikuba cha nani?

Kila Alhamisi ilikuwa hivyo. Magharibi ikishaswaliwa, Haroub, mumewe, hupanda kwenye chumba kile peke yake, hashuki mpaka adhana ya isha. "Ana uradi wake wa kusoma," Bi Saadiya alimwambia tangu mwanzo, na Thuwaiba akaamini. Lakini uradi gani, jamani, unaotaka kikuba?

Na msidhani alikuwa mjinga. Alikuwa mwalimu wa fasihi, kasomea chuo kikuu Tunguu. Wanafunzi wake wakimletea hadithi za mashetani, aliwacheka. "Katika kila hadithi kuna mlango uliokatazwa," akiwaambia. "Mwoga anaupita, shujaa anaufungua." Siku moja msichana mmoja, Yusra, akamjibu kutoka nyuma: "Mwalimu, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Darasa zima likaangua kicheko, na Thuwaiba naye akacheka.

Jioni ile hakucheka. Alikishika kikuba mkononi, na wivu ukampanda mpaka kooni. Haroub hakuwa mtu wa maneno. Toka wameoana alimwita "Mwalimu", vilevile kama wanavyomwita wazazi wa wanafunzi. Tena chumba kile cha juu kilikuwa na wikio, kile kidaraja kinachovuka uchochoro mpaka nyumba ya pili. Mtu angeweza kupita huko, akaja akaondoka, asionwe hata na paka.

"Kumbe!" alisema peke yake. "Kumbe nnamnunulia mwenzangu maua kwa mkono wangu mwenyewe!"

Njiani alikinusa.

Alipofika juu, mbele ya ule mlango, pete ya shaba ilikuwa inamsubiri. Chini Bi Saadiya alikuwa kwenye mswala. Haroub alikuwa bado msikitini. Thuwaiba aliitazama pete, akakitazama kikuba.

Akakivaa.

Akasukuma mlango, akaingia. Shuka jeupe limetandikwa, moshi wa udi umetanda, dirisha limefungwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa wikio, apate ushahidi wake. Akapapasa... Hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta wa mawe na chokaa, mkavu, wa zamani sana. Aliyekuwa akija humu hakuwa akipita huko.

Hapo ndipo angeshuka. Woga ulimwambia ashuke, tena ulimwambia kwa adabu. Lakini wivu una kelele kuliko woga. Akakaa kitandani, akajitanda ushungi, akangoja.

Ngazi zililia. Haroub akaingia, wala hakuwasha taa.

"Tunu yangu," alinong'ona. "Nshakuja."

Tunu! Yeye aliitwa Mwalimu, na kumbe mdomo ule ule unajua kusema tunu. Machozi yalimtoka Thuwaiba palepale, ya hasira na ya uchungu.

"Nimekuwaza kutwa. Nna mengi ya kukwambia." Akakaa karibu yake. Akamshika mkono.

Akavipapasa vidole vyake, kimoja kimoja.

"Mbona leo mkono wako wa moto?"

Thuwaiba akauvuta mkono wake. "Kwani wa nani huwa wa baridi, Haroub?"

Haroub aliruka, akajigonga ukutani. "Thuwaiba? Umefanya nini? Ondoka! Ondoka upesi kabla haja..."

Kutoka chini Bi Saadiya akaita. "Thuwaiba! Nazi vipi, mwanangu?"

Na kutoka jikoni akajibiwa.

"Naam, shangazi! Nshamaliza."

Ilikuwa sauti ya Thuwaiba. Ile ile, na kile kimkwaruzo chake cha kusomesha kutwa. Mwenye sauti mwenyewe kakaa kitandani, kajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Waliposhuka jikoni hapakuwa na mtu. Mbuzi ya kukunia ilikuwa katikati ya sakafu, na nazi imejaa kwenye sahani, nyeupe, imekunwa vizuri kuliko Thuwaiba alivyowahi kukuna. Pembeni ya sahani palikuwa na ua moja la asumini. Bi Saadiya alisimama mlangoni, akamtazama mkwewe kifuani, akakiona kikuba. Akakaa chini pale pale.

"Haroub alipokuwa mdogo aliumwa," alisema polepole. "Tulishamkatia tamaa. Mzee mmoja wa shamba akatwambia yuko ruhani, jini wa kike, anampenda, atamponesha, ila anataka zamu yake moja. Alhamisi, baina ya magharibi na isha. Siku nyingine zote ni za mke wa kibinaadamu. Tukakubali. Ungefanyaje, mtoto anakufa?" Akajifuta uso kwa kanga. "Alikuwa mke mwenza mwema. Hakuwahi kushuka ngazi hizi hata siku moja. Weye ndiye uliyempandia. Ukikaa pa mwenzio, mwanangu, umempa pako."

Alhamisi iliyofuata kikuba kilitundikwa kama kawaida. Asubuhi kilikuwa palepale kwenye pete, kimenyauka, hakijaguswa. Haroub alikitazama, akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kaondoka," alisema.

Na kwa kweli Haroub aligeuka. Akawa anarudi mapema na urojo kwenye kifuko, anacheka, anasimulia. Siku moja jikoni, mchana kweupe, akamwita mkewe Tunu. Ee, alivyofurahi! Kashinda! Kamng'oa mwenza ambaye hata waganga wangemwogopa. Shuleni alisomesha siku ile kama mtu mwenye mabawa.

Halafu yakaanza mambo madogo.

"Mara ngapi utanishikamoo leo?" Bi Saadiya alimuuliza jioni moja, na Thuwaiba alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka shule, anavua viatu. Akikuta nguo zake zimekunjwa, hakumbuki kuzikunja. Na Haroub, wakiwa mezani, akamwambia kwa aibu ya bwana harusi: "Yale maneno yako ya adhuhuri, Tunu, yamenikaa moyoni."

Adhuhuri Thuwaiba alikuwa darasani, chaki mkononi.

Hakumuuliza ni maneno gani. Aliogopa. Na zaidi ya kuogopa, aliona wivu, maana kila neno tamu aliloambiwa sasa lilikuwa jibu la neno jengine ambalo yeye hakulisema. Mtu anajionea wivu mwenyewe! Mmepata kuyasikia haya?

Jumatatu moja alirudi magharibi inaadhiniwa. Bi Saadiya alikuwa anatawadha. Harufu ya asumini ilikuwa imejaa ngazini, na siku hiyo hakuna aliyenunua ua nyumba ile. Mlango wa chumba chake, chumba chake cha ndoa, ulikuwa umerudishwa. Ndani Haroub alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini.

"Afadhali," alikuwa akisema. "Afadhali mkono wako umerudi kuwa wa baridi."

Thuwaiba alisimama, mkoba begani. Angeweza kushuka. Angeweza kwenda kwa mama yake na kulala huko, na kesho akasema alichoka. Siku ile ya kwanza hakuwa shujaa hata kidogo, na sasa alilijua hilo. Ulikuwa wivu umemshika mkono ukampandisha ngazi. Leo hata wivu ulimtoka, akabaki na woga peke yake. Lakini mume ni wake. Akaunyanyua mkono, akagonga.

"Hodi."

Ndani kitanda kikalia kidogo, kama mtu kageuka.

"Karibu," ikajibu sauti yake mwenyewe.

Kisha taratibu, kwa upole wa mwenza mwema:

"Lakini leo Jumatatu, mwenzangu. Zamu yako Alhamisi."