Nilimkana Mwanangu kwa Ajili ya Mashine ya Mawese

Nina umri wa miaka ishirini na miwili. Nina mtoto mmoja wa kiume, nimesoma mpaka sekondari, na ninaishi kwa mama yangu hapa Rumonge. Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nyinyi akina dada mnaosoma haya, hasa mlioolewa na wasomi, msiniambie nitulie kwanza. Nilitulia vya kutosha. Utulivu wangu ndio ulionifikisha hapa...

Rajabu alinioa alipokuwa chuo kikuu Bujumbura, akisomea mambo ya ufundi. Ndoa ilifungwa kwetu, imamu akasoma, watu wa mtaa wakala pilau. Komini, kwenye ofisi ya serikali, tulisema tutakwenda kuandikisha baadaye. Neno hilo "baadaye" sitaki kulisikia tena.

Nilipojifungua, alikuwa mwaka wa mwisho. Mwaka huo wana kozi moja kubwa wanayoiita proje. Kila kikundi kinatafuta taabu ya watu, kinabuni chombo cha kuiondoa, kinakwenda kukijaribu kwa watu wenyewe, kisha kinasimama mbele ya maprofesa kukieleza. Nchi imepata uhuru, Rajabu alikuwa akisema, sasa tujitengenezee vyombo vyetu. Maneno mazuri. Nani angeyakataa?

Yeye na mwenzake Dismas walichagua mawese. Sisi wa huku tunaijua kazi hiyo: unachemsha chikichi kwenye pipa, unazitwanga, kisha unazikamua kwa mikono mpaka vidole vinababuka. Wao walitaka mashine ya skrubu ambayo mwanamke ataizungusha mwenyewe bila kuomba mwanaume. Wakaja kuifunga uani kwa mama, nilikokuwa nikiishi.

Sasa sikilizeni. Kwetu mtoto akifika siku ya saba ananyolewa, mbuzi anachinjwa, na baba analitaja jina lake mbele ya watu. Siku ya saba ilipita. Rajabu akasema proje kwanza. Arobaini yangu ikapita. Proje kwanza! Nywele za mtoto zikawa kichaka, zinamfunika masikio. Nikienda ufukweni kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanawake wananipokea kwa utani: "Mama Proje, amahoro! Mutoto iko na jina sasa, ao profesa bado hajasahihisha?"

Nilicheka nao. Nyumbani nililia.

Hapo ndipo shaka ilipoanza kunitafuna. Mtu anayepima kila kipande cha chuma kwa rula, anakosaje nafasi ya kutaja jina moja?

Vyuma vilitoka kwa mfanyabiashara wa Bujumbura tuliyemwita Hadji. Mashine ikifaulu, yeye angeunda nyingi na kuziuza pwani yote hii mpaka Kabonga. Siku moja alikuja na pikapu, na binti yake Rukia ameketi mbele. Nikamwona Rajabu akikimbia kumfungulia mlango. Mimi hajawahi kunifungulia mlango, wa gari wala wa nyumba. Kwa wageni alinitaja kwa jina tu. Chai ilipoletwa, Rukia akasogeza maziwa kando, akasema Rajabu hanywi ya maziwa. Alijuaje? Nilipomwuliza mume wangu jioni, akasema nina wivu wa watu wasio na kazi. Kazi ya kukamua mawese yake ilikuwa ya nani?

Siku ya profesa wao kuja ilipokaribia, Rajabu aliniketisha, akanishika mikono kwa upole ambao sikuuzoea. Akasema kozi ina sheria: chombo hakijaribiwi kwa mke wala ndugu wa mwanafunzi, kwa sababu ndugu atasifu tu. Profesa akijua mimi ni mke, mwaka mzima umekufa. Basi niseme mimi ni mfanyakazi wa pale, sina mume.

Nikamwuliza, na mtoto?

"Sema ni wa dada yako. Siku moja tu, Mariamu. Ikipita, tunachinja mbuzi wawili."

Mama alikuwa anapepeta mchele, akasikia. Akaweka ungo chini, akamgeukia Rajabu. "Unamutoa mutoto kwa maneno, mwanangu? Mimi siku hiyo sitakuwapo hapa." Rajabu akamcheka kidogo, akasema mama mkwe hajui mambo ya utafiti. Nami niliyepita shuleni nikaona ninayajua...

Profesa alikuja, na Hadji na Rukia pia. Nilizungusha ile mashine na mawese yakashuka mekundu, mazito, mpaka profesa akachovya kidole. Rukia akawa anapiga picha. Rajabu akanikonyeza nimwondoe mtoto kwenye picha. Nikamlaza mkekani, naye akaanza kulia kwa njaa. Mnaonyonyesha mnajua kilichofuata. Maziwa yakanitoka, kitenge kikalowa kifuani mbele yao wote.

Hadji akauliza kwa wema kabisa, "Binti, mutoto ni wako?"

Nikamtazama Rajabu. Alikuwa anaangalia skrubu.

"Hapana, Hadji. Ni wa dada yangu."

Nguo imelowa, na bado nikasema hivyo. Hadji akageuza uso kwa heshima. Labda alidhani ni jasho.

Baada ya siku hiyo Rajabu hakurudi, wala hakutuma salamu. Mfanyabiashara mmoja wa ndagala ndiye aliyeniambia siku ambayo wanafunzi wangeeleza proje zao. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda lori mpaka Bujumbura, nikaketi nyuma kabisa ya ukumbi.

Picha zangu zilikuwa zimebandikwa ubaoni, mikono yangu kwenye mpini. Profesa mmoja akauliza huyu ni nani. Rajabu akajibu: mfanyakazi wa kule, mwanamke asiye na mume. Akapigiwa makofi. Kisha Hadji akasimama kushukuru, akamwita "mkwe wangu mtarajiwa". Rukia akainamisha kichwa, anatabasamu.

Nikainuka, nikaenda mpaka mbele. Nikasema huyu ni mume wangu, na aliye mgongoni ni mwanawe.

Rajabu hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu! "Dada Mariamu alitusaidia sana kule Rumonge," akawaambia. "Murakoze kuja, dada," akanishukuru kama mgeni. Dismas akawa anatazama viatu vyake.

Hadji akanijia taratibu. "Binti, siku ile ulisema mutoto ni wa dada yako. Ulitudanganya siku ile, ao unatudanganya leo?"

Jibu lolote lingenifanya mwongo. Pale ndipo nilipoelewa. Rajabu hakuwa akinificha kwa profesa. Alikuwa akitafuta shahidi wa kunikana, na shahidi aliyempata ni mimi mwenyewe.

Mtauliza, imamu na watu wa mtaa walikuwa wapi? Mjomba wangu aliwachukua, wakaenda kwa Hadji. Ndoa Rajabu hakuweza kuikataa tena, akatoa talaka palepale. Angesema anataka mke wa pili ningepiga kelele, lakini ningejua nimesimama wapi. Kuhusu mtoto akasema: "Mama yake mwenyewe alitamka kwamba si wake, mimi nitasema nini zaidi?" Na Hadji akamwoza Rukia.

Niliporudi, mama hakunilaumu. Aliingia ndani akatoka na wembe na bakuli la maji. Mjomba akachinja mbuzi, akasimama mahali pa baba, akatamka: Yusufu. Nywele zilipoanguka, niliona mwanangu ana masikio ya Rajabu, yale yale. Nikacheka mpaka machozi.

Baadaye pikapu ya Hadji ilikuja kuchukua mashine. Aliyeshuka ni Dismas. Nikamwuliza ile sheria ya kozi.

"Sheria gani? Chombo chetu cha kwanza tulikijaribu kwa baba yangu, Bugarama. Profesa alikula kwetu."

"Na ukanyamaza."

"Dada, maksi zetu zilikuwa pamoja."

Nikakaa juu ya ile mashine, nikamtoa Yusufu mgongoni, nikamnyonyesha mbele yake. Nikamwambia vyuma hivi ni vya Hadji, sikatai. Lakini aliyeviacha hapa aje mwenyewe, asimame mlangoni, aseme mbele ya mtaa aliviacha nyumbani kwa nani, na mtoto huyu ni wa nani. Akisema, achukue, hata nitamsaidia kubeba. Pikapu ikarudi tupu.

Hajaja.

Dada zangu, mume akikuomba useme huna mume, muulize ni nani hasa anayetakiwa kusikia. Akikuomba umkane mtoto kwa dakika moja, kwa mtihani, kwa diploma, kwa chochote kile, kataa. Acha mwaka wake ufe. Andikisheni ndoa zenu. Na mimba ya kwanza isiwafanye wapole kama nilivyokuwa mimi.

Siku hizi wanawake wa mtaa wanaleta chikichi zao hapa. Hakuna anayeniita Mama Proje tena. Wanasimama mlangoni na mabeseni kichwani, wanaita, "Mama Yusufu, amahoro! Mashine iko?"

Iko, ninawajibu. Ingieni.