Koti la Chumba cha Kungojea Treni

Bakiri alilitukana lile koti dakika nzima kabla hajang'amua kwamba halina mtu ndani.

Tena matusi ya Tanga, yaliyopangiliwa. Mwanaume aliyezunguka bandari tisa, muuza manukato anayejulikana mtaa mzima wa Fordsburg, leo anaukunjia ngumi msumari wa ukutani uliotundikwa koti! Jioni hiyo alikuwa amekuja na pikapu kumchukua mkewe, Shufaa, anayesafisha stesheni hii ya kale nje ya Johannesburg ili igeuzwe ukumbi wa harusi. Ndivyo alivyojiambia. Ukweli, alikuja kufumania. Mwezi mzima Shufaa anachelewa kurudi, na akirudi anatabasamu peke yake.

Alilisogelea koti, chini ya dari la mbao lililopaa juu kama la msikiti. Koti la mtu wa reli, zito, vifungo vya shaba.

Lilinukia udi.

Udi wa Shufaa... ule anaouchanganya kwa mkono wake, uliofukiza kanzu za Bakiri miaka ishirini. Siku hizi kanzu zake zinanuka sabuni tu.

Akaligusa kwapani.

Lina joto.

Krrr...

Kidirisha cha tiketi, chenye tao la matofali, kikainuka chenyewe. Bakiri akakumbuka alichokiona nje alipoegesha gari: nyuma ya ukuta ule ofisi ilishaporomoka. Hakuna paa, hakuna sakafu. Majani tu, yamefika kiunoni. Lakini sasa mle ndani iliwaka taa ya mafuta.

"Mkeo keshakata tiketi yake," sauti ikanong'ona. "Wewe unateremkia wapi?"

"Mi... mi nina gari," Bakiri akajibu.

Kidirisha kikashuka. Tap.

Mlango wa kutokea relini ukafunguka. Shufaa akaingia, chetezo mkononi, moshi ukimtangulia. Akampita mumewe, akaanza kulifukiza koti. Kola. Kifua. Mkono mmoja wa koti ukajiinua kidogo, kama wa mtu anayejua zamu yake imefika.

"Shufaa! Nani huyu?"

"Shh. Sijui, baba. Nilipoanza kazi alikuwa akilia humu kila jioni. Sasa halii."

Eish. Mtu mwenye akili angekimbia hapo hapo. Lakini wivu ulimkaba Bakiri kuliko hofu.

"Na kanzu zangu je? Mbona huzifukizi tena?"

Shufaa hakugeuka.

"Yeye aliomba."