Jiwe la Bonifasia

Jumamosi moja Consolatha, jirani yetu hapa Keza, alikuwa anapepeta maharage uani, mwanawe mchanga Nice mgongoni, kaka yake alipoteremka kwenye bodaboda. Derick hakuja kumzika mama yao, Bonifasia. Sasa matanga hayajaondolewa, ndiyo amefika, na begi la vyombo vya kunasia sauti.

Huko Mwanza anapiga hevi metali, muziki wa magitaa yanayonguruma na mtu anayepiga mayowe. Kundi lake lilitaka sauti za kweli za kuchanganya humo. Akanasa mlio wa nguruwe anayefungwa kamba, kisha jembe likikwangua mwamba. Mchana akaingia jikoni.

"Jiwe la mama la kusagia liko wapi?"

Lilikuwa pale pale, limelazwa uso chini. Katika ukoo wao, mwanamke akifa jiwe lake hulazwa hivyo hadi matanga yaondolewe. Likigeuzwa kabla, mwenyewe hurudi kumalizia kazi, na husaga kilicho karibu.

"Kaka, liache."

"Conso, jiwe ni jiwe."

"Kaburi hujalitazama. Umekuja kutazama jiwe?"

Derick akacheka kidogo, akaligeuza. Akamwaga mahindi, akavaa hedifoni, akasaga. Kisha akaacha, akainua mikono.

Alibaki ameinama vile vile, macho yamemtoka.

"Bado linasaga," akanong'ona.

Jikoni kulikuwa kimya. Consolatha akasogeza sikio kwenye hedifoni. Krrr. Krrr. Taratibu, kwa mkono uliozoea. Mama yao alisaga hivyo. Halafu ukimya. Halafu mtoto akalia humo ndani, kwa nguvu.

Consolatha akamfungua Nice mgongoni. Mdomo uko wazi. Machozi yanatiririka. Sauti haitoki.

"Ifute, kaka. Ifute sasa hivi."

"Nitafuta," akasema, huku anafunga begi.

Hakufuta. Zahanati walimtazama Nice koo, wakasema hana ugonjwa. Miezi ikapita, wimbo ukaingia kwenye simu ya Consolatha. Akaupiga mara moja tu. Katikati ya magitaa, mwanawe alikuwa anamlilia. Pale mkekani, Nice aligeuza shingo kuelekea jikoni, akatabasamu kama anayeitwa na mtu anayemjua.

Consolatha akamwandikia kaka yake: Nirudishie sauti ya mwanangu.

Derick akajibu: Hiyo ndiyo sehemu watu wanayoipenda.

Jiwe lilirudishwa uso chini siku ile ile Derick alipoligeuza, na hata matanga yalipoondolewa hakuna aliyeligusa. Consolatha anapeleka mahindi yake mashineni. Lakini juzi, akifagia jikoni, aliona unga umechungulia pembeni ya jiwe. Akaliinua. Unga ulikuwa bado na joto, na katikati yake kiganja kimejichapa. Kidogo, vidole vitano.

Nice hajaanza kutambaa.