Kimya cha Mwaisha

Treni ya Mwanza ilikuwa imechelewa tena, na stesheni ya Shinyanga ilinukia vitumbua na jasho. Akida, karani wa kiwanda cha pamba, suruali yake ya bugaluu ikifagia vumbi, alimsogelea binti wa khanga nyekundu aliyekuwa akimngoja shangazi yake, akafungua kitabu cha Kiingereza cha masomo ya jioni.

"Dada, samahani. *Hesitant* maana yake nini?"

Binti huyo, Mwaisha, alimpima kuanzia bugaluu hadi nywele. "Ni mtu anayetaka kitu, ila miguu haimpeleki."

"Nitungie sentensi."

"*Akida is hesitant to ask my name.*"

"Jina langu umelijuaje?"

"Si umeliandika kwenye jalada, tena kwa wino mwekundu."

Wakapendana. Mwaka mzima Akida akawa anapiga simu dukani kwa baba yake binti, Mzee Sabiti muuza vitambaa, akijifanya anaulizia bei ya marekani. Mwaisha akamwambia alete washenga. Akasema msimu wa pamba uishe kwanza. Ulipoisha, akasema angoje kupanda cheo. Cheo akapanda, akaanza kutafuta nyumba yenye bati jipya.

Wakaja washenga wa mwingine, Zamoyoni, mfanyabiashara wa Geita. Mwaisha alikuwa amemwonya Akida kwamba wanakuja siku ile. Baba akamwuliza binti nyuma ya pazia, na kwa desturi yao msichana akikubali hunyamaza kwa haya. Mwaisha akanyamaza, sikio lake liko barabarani, likitafuta kengele ya baiskeli ya Akida. Shangazi akapiga kigelegele.

Kesho yake simu ikalia dukani, Mwaisha akaipokea.

"Laazizi, uliwajibu nini?"

"Sikujibu."

"Basi umekubali."

"Nilikuwa nakungoja wewe, Akida. Nimechoka kukungoja."

Jioni ile Akida aliketi mbele ya Mzee Sabiti, shati limemganda mgongoni. Akatoa shikamoo, akasifia mvua, akasifia kahawa, akaulizia bei ya marekani.

"Baba," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "kimya changu cha jana hakikuwa ndiyo. Wa Geita simtaki. Huyu nimemkubali."

Mzee aliweka kikombe chini. "Huyu? Mwanangu, huyu hajasema kitu."

"Atasema. Usimwongezee kahawa mpaka aseme."

Akida akakiweka kikombe kando. "Mzee, nimekuja kuposa."

Nyuma ya pazia, Mwaisha akanyamaza kwa haya.