Mpita Njia Alipoandika Yasiyo Yake

Umeme ulikatika alasiri, duka la intaneti la Mkunazini likiwa limejaa pomoni, na msichana aliyekaa kwenye kompyuta ya pembeni akapiga ukelele kama aliyeumwa na nge.

"Yallah! Sura nzima! Sura nzima imekwenda!"

Watu wakageuka. Mama mmoja akakumbatia mkoba wake, akidhani kuna mwizi. Msabah, mwenye duka, akatoka nyuma ya kaunta akijipepea kwa gazeti.

"Nadra, nshakwambia mara ngapi? Hifadhi kila baada ya muda."

Kijana aliyekaa jirani yake alishindwa kujizuia akacheka. Alivaa shati jeupe la kazini, mikono ameikunja, na tai ameichomeka mfukoni ncha ikining'inia kama ulimi.

"Pole, bibie. Na mie nilikuwa nnamwandikia binamu yangu Dubai, barua nzima imepotea. Lakini sikupiga kelele."

"Yako barua. Yangu mie watu," Nadra akamjibu kwa hasira. "Nilikuwa nshawazika wawili."

"Inna lillahi! Matanga wapi, nije?"

Nadra akamtazama, akitaka kumtukana, na badala yake akacheka mpaka mtandio ukamteleza mabegani. Alikuwa na macho makubwa yenye wanja, na baibui lake lilinukia udi. Kisha akainua kidole.

"Hebu sema tena. Sauti yako naijua."

"Umepata kufika kiwanja cha ndege?"

"Nilimsindikiza shangazi, akienda Maskati."

"Basi ndiye mie niliyemwita shangazi yako."

Jina lake Usi, mtu wa Miembeni, Ng'ambo, mtangazaji wa safari kule kiwanjani Kiembe Samaki. Umeme uliporudi hakuna aliyegeukia kompyuta yake.

Zikaanza simu. Nadra alikuwa akijifungia chumbani, juu ya duka la vitambaa la baba yake Mzee Hamed, simu ameibana chini ya mto ili isisikike ikilia.

"Abiria Nadra binti Hamed," sauti ilikuja nzito, ya kikazi, "unaombwa ufike haraka katika moyo wa Usi. Huu ni wito wa mwisho."

"Jana pia ulikuwa wa mwisho, mwongo wee."

"Ndege imekungojea, habibti. Rubani ana subira."

"Mwambie rubani azime injini, mafuta ghali."

Hazikupita wiki nyingi Nadra akamwambia Usi siri ambayo hata dada zake hawakuijua. Katika ukumbi mmoja wa mtandaoni, walimokutana Wazanzibari wa nyumbani na wa Maskati, London na Toronto, palikuwa na hadithi iliyotoka kila wiki. Mwandishi wake alijiita Mpita Njia. Mpita Njia ndiye yeye.

"Weye?" Usi akasimama katikati ya uchochoro, baiskeli zikampigia kengele. "Silima, binamu yangu, halali bila ya kuisoma! Ati huwa ananisimulia mie!"

Nadra alifurahi mpaka masikio yakamwaka moto. Lakini hakumwambia yaliyobaki. Hakumwambia kwamba siku hizi anaingia kwa Msabah asubuhi, adhuhuri na alasiri, si kuandika, bali kusoma waliyosema watu. Kwamba maneno mia ya sifa humpitia kama maji, na tusi moja humkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Mwanamke wa hadithi yake alikuwa ameachwa na mumewe na hakutaka kuolewa tena. Wasomaji hawakulipenda hilo. "Muoze!" waliandika. "Mtie adabu!" Mwengine: "Mpita Njia, mwenyewe uliachwa nini?" Chakula kilikuwa hakimpiti. Mama yake alipomwita, aliitika "Naam" na kusahau kwenda.

Ijumaa moja walikwenda Mtoni, wakakaa kwenye magofu ya kasri, upepo ukicheza na kanzu ya Usi. Alimwona Nadra anatazama simu yake ndogo kila mara, ingawa simu ile haikuweza kumletea chochote cha mtandaoni.

"Unatafuta nini humo?"

"Sitafuti kitu."

"Mpenzi, umekonda."

"Niongeleshe tu. Nambie kitu chochote."

Na Usi, kwa mapenzi, akamwambia jambo ambalo hajapata kumwambia mtu. Baba yake alipoondoka kwenda kuoa bara, yeye alikuwa bado mdogo. Mama yake, Bi Mwanakheir, aliendelea kupakua sahani ya baba kila usiku, akaifunika kawa, akaiweka mezani. Miaka.

Nadra alimshika mkono. Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa ya kweli. Lakini wiki ile ilipofika siku ya kutoa sura, hakuwa na neno hata moja. Wasomaji walikuwa wakibisha hodi: "Mpita Njia umelala?" "Hadithi imekwisha utamu!" Akaandika sahani. Akaandika kawa. Akamweka mwanamke wake mbele ya sahani ile, akamliza mpaka wali ukakolea chumvi.

Hajapata kusifiwa vile tangu aanze. Toronto walilia. London walilia. Dubai Silima, aliyewahi kuiona sahani ile utotoni, hakulia. Alipiga simu Miembeni kwa shangazi yake, Bi Mwanakheir, kumuuliza nani amemtangaza.

Simu ya Usi ilikuja adhuhuri, bila utani.

"Umeandika sahani ya mama yangu."

"Usi, sikutaja jina..."

"Mama yangu hajatoka nje tangu jana. Watu wanakuja kumpa pole. Pole ya nini, Nadra? Ya miaka ishirini?"

"Nilikuwa nimekwama. Hujui wanavyonisukuma wale watu."

"Wanakusukuma nani? Umepata kuwaona? Mie nilikwambia weye. Weye peke yako."

"Usi, nisikilize, tafadhali..."

Ikakatika. Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Siku zilizofuata alitembea tu, Mkunazini mpaka Malindi, Malindi mpaka Vuga, viatu vikimchubua, hajui anakokwenda. Kila alipopita dukani kwa Msabah miguu ilimvuta ndani, na kila alipoingia alikuta sifa mpya, na kila sifa ilimchoma.

Mwisho akavuka Darajani akaingia Ng'ambo, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akafika.

Bi Mwanakheir alikuwa ukumbini akishona kofia ya viua, kanga moja kiunoni, moja kichwani, miwani imemshuka puani.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Nadra. Mie ndiye niliyeandika."

Sindano ikasimama. Ikaendelea.

"Kumbe ndiwe uliyeniliza."

"Nimekuja kukutaka radhi, mama."

"Mie sikulia," Bi Mwanakheir alisema, na sauti yake ilikuwa kali. "Muulize yeyote mtaa huu. Sahani ile sikuwa nnamngojea mtu. Nilijua harudi. Nilipakua ili jirani akichungulia aone nyumba ina mume, asije akaniletea maneno. Watoto wakishalala, nikiila mwenyewe. Na nikila nikashiba, alhamdulillahi. Weye umeniandika nnalia. Kwa nini?"

Nadra aliyaacha majibu mazuri yote. Akatoa lile la kweli.

"Wanapenda machozi."

"Kina nani?"

"Wasomaji."

"Unawajua?"

"Siwajui."

"Basi umenichukua mie, mama yake mtu unayemjua, ukawapa usiowajua. Na hata huko hukunipeleka mie mwenyewe. Umepeleka kilizi, mtu wa kulialia."

Hakumfukuza. Hakumkaribisha chai pia.

Nadra alitoka pale moja kwa moja mpaka kwa Msabah. Akaifuta sura ile, na mahali pake akaandika: "Sura hii nimeiondoa. Kisa hakikuwa changu, na nilivyokisimulia hakikuwa kweli. Mwanamke wa hadithi hii hataolewa kwa sababu mnataka, wala hatalia kwa sababu mnapenda." Kisha akamgeukia Msabah. "Kuanzia leo ntaandika nyumbani, nikuletee kwenye disketi, unitilie weye. Na yanayosemwa usinambie."

"Hata mazuri?"

"Mazuri ndiyo hasa."

Walimtukana, bila shaka. Wengine walihama. Yeye hakuyaona, ila usiku alijigeuzageuza kitandani akiyatunga mwenyewe, na pengine aliyoyatunga yalikuwa mabaya zaidi.

Mvua za masika zilimkuta sokoni Darajani asubuhi moja, kikapu cha mbatata mkononi. Akakimbilia chini ya paa la duka la vyombo, baibui limemgandama. Mtu wa pembeni yake alikuwa na shati jeupe, limelowa, na tai mfukoni.

Walitazama mvua.

"Mama anakuuliza," Usi alisema mwishowe.

"Ananiuliza nini?"

"Ati yule msichana aliyekuja kujishitaki, mbona harudi kusikiliza hukumu yake?" Akakamua ncha ya tai. "Nilisoma ulichoandika. Nimekisoma mara nyingi."

"Usi, niliiba. Sina jina jengine."

"Najua. Hasira zangu hazijesha, Nadra. Lakini nakaa kiwanjani nnaita watu wa watu, na roho haitulii."

"Yangu pia haitulii. Jana nimepita kwa Msabah mara mbili. Sikuingia, lakini nimepita."

"Angalau husemi uongo."

Akacheka, kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kisha akasema kwa haraka, "Ijumaa ami yangu atakuja kwa baba yako. Ukitaka."

"Baba atauliza huyu wa ukoo gani."

"Mwambie mwana wa Bi Mwanakheir wa Miembeni."

"Ntamwambia. Asipotaka, ntamwambia tena." Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Na weye huniogopi?"

"Nakuogopa sana. Ndiyo maana ntakwambia kitu sasa hivi, kabla sijaghairi."

Akainama, mvua ikinguruma juu ya mabati, akamnong'oneza sikioni. Kilikuwa kisa kirefu, na kizuri, kizuri kupita chochote Mpita Njia alichopata kuandika. Nadra alisikiliza mpaka mwisho. Vidole vilianza kumwasha. Akaweka kikapu chini, akaificha mikono yake miwili ndani ya baibui, akaikaza pale.

"Nimesikia," akasema. Na hakuna mtu mwengine aliyepata kukisikia.