Mrija Mpya wa Babu Manirambona

Kila Jumamosi asubuhi, kabla umande haujakauka, Benigna aliosha pikapu ya baba yake. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na kwa kusugua matope hakuna aliyemfikia pale kijijini. Baba yake, Teofili, alikuwa na desturi ya kufungua boneti, kutazama maji na oili, kisha kuiacha wazi huku akinywa uji. Gari lilikuwa kuukuu, lakini ndilo lililobeba tumbaku, mahindi, wagonjwa na maharusi wa sehemu yao yote ya Ulyankulu.

Zamani Benigna aliosha gari huku akiimba. Siku hizi alinyamaza, na kila alipofika karibu na boneti macho yake yalikimbilia kwingine. Mtoto wa watu alikuwa na siri, na siri hiyo ilikuwa ndani ya mfuko wa babu yake.

Mambo yalianza wakati wa kiangazi. Benigna alikuwa akifagia chumba cha Babu, akaukanyaga mrija wake. Wazee wa pale, ambao asili yao ni Burundi, hunywa pombe ya mtama wakiwa wamekizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu wa tete. Mrija wake, Babu Manirambona alikuja nao kutoka kwao akiwa kijana, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Sasa ulikuwa vipande viwili.

Angesema ukweli siku ile, yangeishia kwenye kukaripiwa. Lakini woga ni mshauri mbaya. Alitoka nje akakuta boneti iko wazi kama kawaida. Nyuma kabisa aliona mpira mwembamba mweusi unaoshuka chini ya gari. Aliuchomoa juu, akaingia uvunguni akauchomoa na chini, kisha akaupuliza. Ndani hamkuwa na maji wala mafuta, hewa tupu. Akajiambia kwamba mpira usiopitisha kitu hauna kazi. Jioni gari liliwaka na kwenda vizuri, naye akashusha pumzi.

Aliuosha kwa sabuni, akachomeka kwenye ncha kile kichujio kidogo cha mrija wa zamani kinachozuia makapi ya mtama, akampelekea Babu.

"Babu, mrija wako umeliwa na mchwa. Nimekununulia huu kwa hela ya karanga zangu."

Babu aliutazama, akamtazama mjukuu wake, machozi yakamlengalenga. Tangu siku hiyo hakwenda popote bila mrija ule. Aliuviringisha kwenye kitambaa, akauweka kwenye mfuko wake wa begani pamoja na rozari yake. Harusini aliwaonyesha wazee wenzake. "Ninyi mna wajukuu," aliwatania, "lakini mimi nina Benigna." Sifa zile zilimchoma Benigna kuliko fimbo.

Masika yalipokolea, Babu aliugua. Alianza na kikohozi, kisha homa, na Jumamosi moja wakamkuta anahema mbiombio, mbavu zikiingia na kutoka. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua, akatikisa kichwa.

"Ni nimonia, tena imeshika pande zote mbili. Hapa hatuna oksijeni. Mpelekeni hospitali ya Tabora sasa hivi, msingoje mchana."

Mama alikuwa na kichanga, kwa hiyo Benigna ndiye aliyepewa kazi ya kumuuguza Babu. Jirani yao Octavian, kijana mwenye nguvu, alipanda nyuma na jembe, maana mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Babu, pamoja na kuhema kote kule, alikataa kuondoka bila mfuko wake.

"Baba, unakwenda hospitali, huendi kwenye pombe," Teofili alimwambia.

"Nitapona," Babu alijibu kwa shida. "Nikipona nitaona kiu."

Walikwenda vizuri hadi mbugani, kwenye bonde tambarare linalotuamisha maji. Wazee husema hata wapagazi wa misafara ya kale, waliopita nchi hii na meno ya tembo mabegani, walikuwa wakilaani tope lake jeusi. Teofili alisimama, akavuta gia ya fowili ili magurudumu ya mbele yasaidiane na ya nyuma, akaingia polepole. Katikati ya mbuga gari liliyumba, likazama, likatulia. Magurudumu ya nyuma yalizunguka yakirusha tope. Ya mbele yalikaa kimya.

"Fowili haishiki," Teofili alisema.

Alizima, akawasha, akarudisha gia, akaivuta tena. Taa ndogo ya fowili ilimetameta tu, haikutulia. Akakagua fyuzi, zikawa nzima. Akamwita Octavian aketi kwenye usukani na kukanyaga mafuta kidogo kidogo, yeye akalala chali topeni achungulie uvunguni.

"Shafti ya mbele inazunguka," alisema baada ya kitambo. "Gia imeingia. Nguvu inafika mpaka kwenye difu, lakini haiendi kwenye magurudumu."

Benigna alikuwa ndani, amekiegemeza kichwa cha Babu begani mwake. Aliyasikia maneno yale. Alikumbuka mahali mpira ule ulipokuwa ukiishia. Ulikuwa umeshuka mpaka kwenye lile dude la chuma katikati ya magurudumu ya mbele, ambalo Baba aliliita difu.

Teofili alichimba tope kwa jembe, akapapasa kwa mkono. Kisha akainuka, akafungua boneti na kutazama nyuma kabisa. Uso wake ulibadilika.

"Mpira wa hewa haupo. Bila shaka kisiki kimeunasa na kuung'oa, na sasa uko porini tusikokujua."

"Mpira tu ndio unazuia gari zima?" Octavian aliuliza.

"Injini hufyonza hewa kupitia mpira huo, na ule mvuto ndio unaounganisha magurudumu ya mbele. Bila huo, fowili ni jina tu." Alijipangusa uso, akazidi kujipaka tope. "Kaka, rudi kijijini kwa miguu ukatafute trekta."

"Teofili, nitarudi jioni."

"Najua."

Midomo ya Babu ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. Octavian alivua viatu, akakunja suruali, akaanza kuondoka.

Benigna alitaka kusema, akasita. Laiti Babu angekuwa amelala. Lakini Babu alikuwa macho, anamtazama, na mkono wake ulikuwa umeushika mfuko uleule. Aliona aibu, akaona hofu, kisha akasikia pumzi moja ya Babu ikichelewa kurudi. Ile pumzi ndiyo iliyomfungua kinywa.

"Baba, mpira hauko porini." Machozi yalimtoka. "Niliuchomoa mimi. Nilivunja mrija wa Babu, nikampa huo. Sikuununua. Umo humu mfukoni."

Teofili aligeuka, akautazama mfuko wa Babu. Octavian aligeuka, akarudi. Benigna hakuthubutu kumtazama Babu. Alihisi tu mkono wa mzee ukiufungua mfuko taratibu, ukitoa kitambaa.

"Chukua," Babu alisema. Akapumua, akaongeza, "Ndiyo maana pombe ya harusi ilinuka gari."

Teofili alichomoa kichujio, akaupuliza mpira kuhakikisha haujaziba, akauchomeka juu, kisha akalala tena topeni na kuuchomeka chini. Octavian akakata matawi, akayatandika mbele ya magurudumu. Gari likawashwa, gia ikavutwa. Taa ilimeta mara kadhaa, ikatulia. Magurudumu ya mbele yalijikaza, yakauma matawi, na pikapu ikajivuta nje ya tope huku ikiguna.

Hospitalini Babu alivishwa oksijeni mara moja. Daktari alimwambia Teofili bila kuzunguka, "Mngefika jioni, mngekuja na maiti."

Benigna aliyasikia maneno hayo, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi na kulia. Baba yake alimfuata, nguo zake zikiwa zimekakamaa kwa tope, akaketi kando yake.

"Shikamoo, Baba," Benigna alisema, kwa kuwa hakujua aseme nini.

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Kuvunja mrija ni bahati mbaya, hata mimi ningeweza kuuvunja. Kosa lilianzia pale uliposema mchwa. Gari lilikwenda, ukadhani hakuna kilichoharibika. Lakini uongo unaousema kiangazi huwa unangoja masika. Ukikosea, sema siku ileile, wakati barabara bado ni kavu."

"Babu hatanipenda tena."

"Hilo kamuulize mwenyewe."

Hakuthubutu kumuuliza. Alimwogesha, alimlisha uji, akamfulia, na Babu hakuutaja mrija hata mara moja. Ukimya ule ulimtesa Benigna.

Babu aliporudi nyumbani, wazee wenzake walikuja kumpa pole. Benigna aliwaamkia, kisha akasimama mbele yao, mikono nyuma, akaeleza yote bila kuacha kitu: mrija, mchwa, karanga, mpira. Wazee walitazama chini. Halafu akaleta mbele kile alichokuwa amekificha mgongoni. Ulikuwa mrija wa tete, aliokuwa ameukata mtoni na kuukausha mwenyewe. Ulikuwa umepinda kidogo.

Babu aliupokea, akaupuliza, akaugeuza huku na huku.

"Umepinda," alisema. Kisha akauviringisha kwenye kitambaa chake kilekile, akauweka mfukoni pamoja na rozari. "Lakini huu nikiulizwa umetoka wapi, sitawadanganya watu."